Sanduku Lililotoka Kiwandani

Wapwa wangu, mnaliona lile sanduku la bati ukutani, pale gereji ya malori? Lile la kijani, lenye msalaba mweupe. Lilikuwa mali ya kiwanda. Kiwanda kikafa, vitu vikapigwa mnada, fundi akalinunua pamoja na spana kuukuu.

“Mjomba, mbona msalaba si mwekundu?”

Haya, macho hayo! Msalaba mwekundu una wenyewe. Unalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ili wanaotibu majeruhi vitani wasishambuliwe. Sanduku la kazini huvaa kijani.

Sasa tulieni, lenyewe linataka kusema.

“Ukoo wangu ni wa reli,” likaanza. “Mwaka 1888, huko Marekani, kampuni ya Johnson & Johnson ilianza kuuza masanduku kama mimi kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Watu waliumia porini, hospitali iko mbali.”

Reli mnaijua nyie. TAZARA si inapita hapa hapa Tunduma, ikitoka Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi?

“Na kiwandani ulifanya kazi gani?”

“Kazi gani! Nilipigwa kufuli. Ufunguo anao bosi, na bosi kasafiri. Siku moja mtu akachanwa mkono na mashine. Ufunguo ukatafutwa huku na huku. Damu haikungoja ufunguo! Mwenzake akavua shati, akalikandamiza juu ya jeraha.”

“Kwa nini alikandamiza?”

Hapo umeuliza la maana, mwanangu. Dumu lako la maji likitoboka njiani unafanyaje? Unaziba tundu kwa kidole. Damu nayo ukiizuia hivyo inapata nafasi ya kuganda. Basi mwite mtu mzima. Avae glavu, achukue kitambaa safi, akandamize kwa nguvu. Asichungulie-chungulie. Kikilowa, aongeze kingine juu, aendelee kukandamiza. Wewe kimbia ukaombe simu ipigwe 112.

“Na nikiungua?”

Maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Si dawa ya meno. Si majivu. Si unga. Maji, maji, maji.

Fundi alipolifungua sanduku, alikuta pamba imegeuka njano, plasta hazinati, mkasi umeshikana kwa kutu. Bandeji zilikwisha muda zamani. Akatupa vyote, akanunua vipya. Kisha akang'oa kufuli, na hilo ndilo nililompongeza zaidi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aandae huduma ya kwanza. Huduma gani ya kwanza hiyo inayosubiri ufunguo?

Kesho mkifika shuleni, mwulizeni mwalimu sanduku lenu liko wapi. Mwombeni alifungue, msome tarehe pamoja. Mkiambiwa ufunguo anao mwalimu mkuu na ameenda Vwawa, msinung'unike. Akirudi mwamkieni vizuri, kisha mwombeni alitoe hilo kufuli.