Kimwani: Lugha ya Cabo Delgado inayodhaniwa kuwa Kiswahili

Mswahili anayevuka Mto Ruvuma kutoka Mtwara na kufuata pwani kuelekea kusini husikia maneno mengi anayoyafahamu, lakini sentensi nzima humpita. Anachokisikia ni Kimwani, lugha ya Wamwani wa mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Huzungumzwa Mocímboa da Praia, Pemba na katika visiwa vya Quirimbas, kikiwemo Ibo.

Jina lenyewe ni mfano mzuri. Kwa Kiswahili, mwani ni mmea wa baharini. Kwa Wamwani, neno hilo humaanisha pwani.

Kufanana huko kuna historia. Kwa karne nyingi majahazi ya biashara yaliiunganisha pwani hiyo na Kilwa na miji mingine ya Waswahili. Inakadiriwa kuwa takriban asilimia 60 ya msamiati wa Kimwani hulingana na wa Kiswahili. Hata hivyo, wataalamu wa isimu wanaeleza kuwa sarufi yake, hasa namna vitenzi vinavyoonyesha nyakati, imekaribia zaidi Kimakonde. Ndiyo maana hawaihesabu kuwa lahaja ya Kiswahili.

Nchini Msumbiji, Kireno pekee ndicho lugha rasmi, ingawa Katiba ya mwaka 2004 inazitambua lugha za taifa kuwa urithi wa utamaduni na elimu. Kimwani kina tahajia yake sanifu, tofauti na ya Kiswahili, na kimo katika mpango wa elimu ya lugha mbili ulioanza mwaka 2003.

Utambuzi huo umepata uzito zaidi tangu Oktoba 2017, mashambulizi ya wanamgambo yalipoanza Mocímboa da Praia. Mamia ya maelfu ya watu waliyahama makazi yao, wengi wakikimbilia maeneo ambako Kimakhuwa ndicho kinachotawala. Wamwani waliozoea biashara na safari za Tanzania hukifahamu Kiswahili, lakini si wote. Mama anayeelezwa kwa Kiswahili masharti ya kupokea chakula au namna ya kumpa mtoto dawa anaweza kutambua nusu ya maneno, akaitikia kwa heshima, na kuondoka bila kuelewa jambo lililo muhimu kuliko yote.

Kwake, kukiita Kimwani "Kiswahili kilichoharibika" si kosa la wanaisimu tu. Ni kunyimwa maelezo anayoyahitaji.