Dawa ya ng'ombe kwenye chupa ya maji, mbwa ndiye hulipa

NAMANGA. Katika miji ya mpakani yenye minada ya mifugo, dawa ya kupe haikosi mteja. Mfugaji hununua ya ng'ombe na mbuzi, na kabla ya kuondoka hukumbuka mbwa anayelinda boma, akaomba apimiwe kidogo kwa ajili yake. Tatizo huanzia hapo. Muuzaji humimina kutoka kopo lile lile la ng'ombe na kutia kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, isiyo na maelezo yoyote.

Moja ya dawa zilizozoeleka ni amitrazi ya asilimia 12.5. Kwa ng'ombe, kipimo cha kawaida ni mililita 2 kwa lita moja ya maji. Mbwa naye huogeshwa kwa amitrazi, hasa mwenye upele, lakini kwa dawa na kipimo kilichoandikwa kwa ajili yake. Anayepima kwa kifuniko cha soda hajui ametia kiasi gani. Mbwa aliyezidishiwa husinzia, hupepesuka, hutapika, na mapigo ya moyo wake hushuka. Wadogo, wa chini ya miezi minne, wasiogeshwe nayo kabisa. Dawa hiyo yaweza pia kupandisha sukari mwilini, hivyo mwenye kisukari asiishike. Na chupa ya maji iliyoachwa karibu na jiko, mtoto mwenye kiu hataiuliza ina nini.

Permethrini, inayoua viroboto, mbwa huivumilia ikiwa kwa kipimo chake. Paka haivumilii, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuivunja. Akimlalia mbwa aliyetoka kuogeshwa, au akimlamba, aweza kutetemeka hadi kufa. Mteja anayefuga wote wawili aambiwe hilo kabla hajalipa.

Oili chafu ya gari na mafuta ya taa, ambazo wengine bado huzipaka kwenye upele, huunguza ngozi, na mbwa huzilamba.

Kwa mbwa asiye na kupe wala upele, shampuu ya mbwa isiyo na dawa inatosha. Ngozi yake haina asidi nyingi kama ya binadamu, na sabuni ya unga ya kufulia ni kali kwake. Chochote kitakachotumika kisuuzwe mpaka maji yatoke meupe, isipokuwa dawa ambayo maelezo yake yanataka iachwe ikauke.

Kwa mfanyabiashara, chupa isiyo na lebo ni hasara inayosubiri siku yake. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, humpunguzia ushuru kwa bidhaa zilizo kwenye orodha. Haumwondolei kibali cha dawa. Tanzania dawa za mifugo husimamiwa na TMDA na viuatilifu na TPHPA. Kenya ipo Kurugenzi ya Dawa za Mifugo. Dawa iliyosajiliwa upande mmoja isichukuliwe kuwa imesajiliwa upande wa pili.

Kabla ya kupakia mzigo, atazame chupa: jina la kemikali, mnyama anayekusudiwa, kipimo, namba ya usajili, tarehe ya mwisho. Anayetaka kuuza kidogo kidogo anunue chupa ndogo zilizofungwa kiwandani. Faida yake ni nyembamba kuliko ya kumimina, na wateja watalalamika bei.