Dizeli, Petroli au Umeme: Anza na Barabara Yako

Kabla jua halijachomoza, magari ya watalii huanza kutoka Karatu yakielekea Ngorongoro kupitia lango la Loduare. Mengi ni Land Cruiser za dizeli, injini ya silinda sita ya lita 4.2, ambayo fundi wa hapa mjini anaifungua na kuifunga bila kuuliza mtu. Wenye magari hayo, na majirani zao wenye magari madogo ya petroli, wananiuliza swali moja: tuhamie kwenye umeme? Nami huwauliza kwanza gari linapita wapi, na linalala wapi.

Karatu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro unafika kama mita 2,300, na sakafu yake iko karibu mita 600 chini ya ukingo huo. Kwa hiyo gari la safari ya siku moja hupanda mita 800, likashuka 600 kwa njia ya Seneto, likazunguka kutwa nzima kwa mwendo wa taratibu, likapanda tena kupitia Lerai, kisha likateremka kurudi mjini. Sijui njia nyingine inayoonyesha tofauti ya mota na injini waziwazi kiasi hicho.

Itazame Seneto. Dereva wa dizeli huweka gia nzito, injini ikanguruma kulizuia gari, na akizidisha breki harufu ya moto inaingia mpaka ndani. Nguvu yote aliyoinunua kwa mafuta wakati wa kupanda inageuka joto la vyuma na kupotelea hewani. Kwenye gari la umeme, dereva akiachia pedali tu, mota inageuka jenereta, na mshale kwenye dashibodi unahamia upande wa kuchaji. Gari la tani 3 likishuka mita 600 linaachilia nishati ya karibu yuniti 5, yuniti zile zile unazonunua kwenye LUKU. Nyingine zinapotea, lakini tatu hivi zinaweza kurudi kwenye betri.

Hapo kuna jambo ambalo muuzaji anaweza asikwambie. Betri iliyojaa pomoni haina pa kuupokea umeme huo. Gari lililolala kwenye hoteli ya ukingoni, likachajiwa hadi asilimia 100 na kuteremka Seneto asubuhi hiyo hiyo, halitapata msaada wa mota. Litabaki kutegemea breki zake, tena likiwa na uzito wa betri. Huko juu acha kuchaji kwenye asilimia 85 au 90.

Kupanda nako kuna siri yake. Injini inahitaji hewa, na isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Pale ukingoni dizeli hiyo inafanya kazi ikiwa imepungukiwa kama moja ya tano. Mota haihitaji hewa hiyo, na nguvu yake ya kuvuta inapatikana tangu tairi linapoanza kuzunguka. Katika tope jekundu la masika hilo linasaidia sana, ila mguu mzito unaweza kulichimbia gari shimo lake lenyewe.

Sasa fedha. Tuseme mzunguko wa siku ni kilomita 130, dizeli inakula lita 20, na lita ni shilingi 3,000: hiyo ni shilingi 60,000. Gari la umeme la uzito huo nalikadiria yuniti 50, pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa shilingi 356 kwa yuniti ni shilingi 17,800. Unaokoa kama 42,000 kwa siku. Weka bei mpya za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, uone hesabu itakavyosogea. Gari likifanya siku 150 kwa mwaka, unaokoa shilingi milioni 6.3, kwa miaka 8, milioni 50. Ukiletewa bei ya kung'oa injini na kuweka mota na betri, ilinganishe na hiyo milioni 50, ukiongeza oili, filta na breki utakazopunguza. Gari linaloshuka kreta mara mbili kwa mwezi halitairudisha fedha hiyo.

Kazi yenyewe si ya kubahatisha tena. Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kutumia magari ya umeme Serengeti mwaka 2018, na Hanspaul ya Arusha ilishirikiana na Carwatt ya Ufaransa kugeuza magari ya dizeli kuwa ya umeme.

Kinachowakwamisha wengi ni pa kuchajia. Soketi ya kawaida hutoa kama kilowati 3, hivyo yuniti 50 ni saa kumi na saba, na gari linatakiwa alfajiri. Unahitaji umeme wa njia tatu, na jibu la TANESCO kuhusu transfoma ya mtaa wako, kabla ya kulipa chochote. Sola inawezekana, paneli 25 hivi za wati 450, lakini jua linapowaka gari lako liko kreta. Lazima ununue na betri za kuhifadhia umeme mpaka jioni. Umeme ukikatika usiku mzima, mgeni wako atapanda gari la mwenzako.

Anayepeleka wageni Seronera, zaidi ya kilomita 140 kutoka ukingoni, akizunguka huko siku tatu, namshauri abaki na dizeli mpaka awe na uhakika wa kuchaji huko anakolala. Mwenye gari dogo moja tu, leo sokoni, kesho msibani Babati, keshokutwa Arusha, abaki na petroli kwa sasa.

Lakini kwa mwenye magari kadhaa, ambaye moja linashuka kreta karibu kila siku na kulala uani Karatu, ningeanza na hilo moja. Na nina sababu nyingine isiyoingia kwenye hesabu. Simba akiwa hatua chache kutoka mlangoni, dereva huzima dizeli ili wageni wasikie. Akitaka kusogea mita mbili kumfuata, lazima apige stata, na mnyama anageuza kichwa. Gari la umeme linasogea huku mkisikia nyasi zikivunjika chini ya nyayo zake.