Shaba Yetu Ilipikwa Wapi?

Watoto wa Kolwezi wanaijua kobalti kwa bei yake. Wanalijua jiwe jeusi, wanalijua la kijani la malakiti, na kule Kasulo wameona watu wakichimba hadi ndani ya viwanja vya nyumba. Lakini darasani tukiuliza, «Shaba ilitoka wapi?», jibu ni moja: «Chini ya udongo.» Ilifikaje huko? Kimya. Tunawaandikia ili mtoto akiuliza nyumbani asinyamazishwe, hasa binti, maana yeye ndiye anayerudishwa upesi kwenye sufuria.

Shaba nyingi ya ulimwengu ilipikwa ndani ya nyota kubwa, zenye uzito wa jua letu mara 8 na zaidi, kabla dunia haijakuwapo. Kobalti nayo ilitoka katika nyota zilizopasuka.

Nyota kama hiyo inaanzaje? Kati ya nyota na nyota si patupu kabisa. Kuna mawingu, ila si ya mvua: ni gesi, hasa haidrojeni, pamoja na vumbi laini kama moshi. Ndani yake ni baridi kali, karibu digrii 260 chini ya sifuri, na baridi hiyo ni ya lazima. Gesi ya moto husukumana na kutawanyika. Gesi baridi haina nguvu hiyo, basi uzito wake wenyewe unaivuta pamoja. Inajibana, na kujibana kunaleta joto. Katikati pakifika digrii milioni 10 hivi, haidrojeni inaanza kugeuka heliamu, nyota inawaka.

Kwa nyota kubwa kuna fumbo. Mwanga wake ni mkali mno, unasukuma gesi mbali wakati yenyewe bado inakua. Sasa inakula nini? Wataalamu wanaotumia darubini za redio, kama ALMA huko Chile, wameona kwamba nyingi zinaanza kama kiini kidogo tu, halafu wingu zima linazilisha kwa mikondo ya gesi, kama vijito vinavyoingia Lualaba. Gesi inaingia ubavuni, kwa sahani inayoizunguka nyota. Mwanga unapenya juu na chini. Na hazizaliwi peke yao, bali kwa makundi.

Zinakula sana, zinakufa mapema. Jua letu litaishi karibu miaka miliari 10. Nyota kubwa sana haimalizi hata milioni 10. Ikipasuka, majivu yake yanarudi mawinguni. Katika majivu ya namna hiyo jua na dunia vilitokea, miaka miliari 4 na nusu iliyopita.

Mwezi wa saba, saa tatu usiku, umeme ukikatika (mtatuambia ni lini haukatiki!), toeni watoto uani. Karibu na utosi kuna nyota nyekundu, Antares: ni mojawapo ya hizo kubwa, imezeeka. Kando yake unapita ule mkanda mweupe wa nyota, wenye madoa meusi. Watoto watasema hapo hamna kitu. Hayo meusi ndiyo mawingu yenyewe.