MALARIA INAPOKUWA KALI

Mkulima wa Mkata huihesabu malaria kuwa homa ya siku tatu: humeza dawa mseto, hupumzika, kisha hurudi shambani. Aghalabu huwa hivyo. Lakini mara chache vijidudu huongezeka mno, vikaziba mishipa midogo ya damu. Hiyo ndiyo malaria kali, nayo huweza kuua kwa siku moja.

Dalili zake hupotosha watu. Mtoto akikakamaa na kutupa mikono, husemwa ni degedege la mdudu au ndege, akapelekwa kwa mganga kwanza. Kumbe ubongo umeshambuliwa, au sukari imepungua katika damu. Mwingine hupauka viganja, mwingine huhema kama aliyetoka kukimbia.

Iliyo nadra zaidi ni ile ya mkojo mweusi. Chembe nyekundu za damu hupasuka kwa wingi, mkojo ukawa kama kahawa, na figo zaweza kushindwa kazi. Daktari Robert Koch, aliyeichunguza hapa nchini wakati wa Wajerumani, aliilaumu kwinini.

Kwinini yenyewe imepisha dawa bora. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010 ulihusu watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, wakiwamo waliolazwa Korogwe na Muheza. Katika kila watoto 100 waliotibiwa kwa kwinini walifariki karibu 11. Kwa sindano ya artesuneti, 8 au 9. Mtoto wa chini ya miaka 6 aliye mbali na hospitali huweza kutiwa artesuneti kwa njia ya haja kubwa, lakini hiyo ni ya kumfikisha tu, si tiba kamili.

Hata aliyepona aangaliwe. Kwa wachache, damu huanza kuvunjika siku 7 au zaidi baada ya artesuneti. Akipauka au mkojo ukiwa mweusi katika wiki 4 za mwanzo, si kurogwa. Arudishwe hospitali na karatasi yake ya matibabu.

Kutoka Mkata hadi Korogwe hupitiwa Segera, na usiku mwenye gari hutaka fedha taslimu. Chama kitakachotenga fungu la dharura kilipitishe katika mkutano mkuu, kwa kiwango kinachojulikana, na katibu aruhusiwe kulitoa usiku huohuo kwa stakabadhi ya dereva. Bodi itaikagua stakabadhi hiyo katika kikao kinachofuata.