Luano–Kolwezi: dakika makumi ine hewani, na safari yote?

"Niko nakuya na ndeke, dakika makumi ine tu!" Bibi ya mutu wa mine anayekaa hapa Karavia anajua telefone ya namna ile. Anatia maji ya bukari kwa moto. Bukari inaiva, inapoa, bwana hajafika.

Bwana hakusema uongo. Toka kiwanja cha ndege cha Luano mpaka kile cha Kolwezi kuna karibu kilomita 240, vile ndege inanyoosha njia yake. Kwa barabara, kupitia Likasi na Fungurume, ni karibu 300.

Kutafuta muda wa hewani si hesabu ya wakubwa. Ndege ya helisi, ya namna ya ATR, inakimbia karibu kilomita 500 kwa saa: kilomita 240 zinakula dakika 29. Ongeza kama 15 za kupanda na kushuka, unapata 44. Na jet? Ile inaweza kupita 800 kwa saa, lakini kwa njia fupi hivi inamaliza tu kupanda na tayari inaanza kushuka. Haiokoe mingi. Mwendo wake unaonekana kwa mbali, sawa Kinshasa: kilomita zaidi ya 1 500, masaa mbili na kitu. (Na Kinshasa iko saa moja nyuma yetu. Ukiondoka kule 10h, unafika hapa 13h na kitu. Mama, usimuulize alipita wapi.)

Kinachotukula ni mambo ya chini. Karavia iko upande wa magharibi wa muji, na Kolwezi vilevile iko magharibi. Lakini Luano iko upande mwingine, kaskazini-mashariki, zaidi ya kilomita 12 toka hapa. Ni kusema mutu wa Karavia anaanza safari yake kwa kuipatia Kolwezi mugongo! Weka saa moja ya kuvuka muji kati ya makamio, masaa mbili ya kungojea Luano, dakika 44 hewani, kisha saa moja ya mizigo na taksi kule. Tayari ni karibu masaa tano. Basi, barabara ikiwa wazi, inachukua tano ao sita.

Kwa mutu mwenye siku ine za konje, nusu siku ya kuenda na nusu ya kurudi inapotea kwa vyote viwili. Basi kama falanga inatoka mufukoni mwako, mimi ningepanda basi la asubui sana. Si la usiku, hata siku moja: makamio ya shaba yanayoshuka kuelekea Kasumbalesa hayaogopi mutu, na mengine yanalala katikati ya njia bila taa. Kamio moja likipinduka mbele ya Likasi, siku imekwisha. Siku ile ndiyo ndege inalipa bei yake. Vilevile kwa kilio, wakati maziko hayakungojee, ao kwa mugonjwa asiyeweza kukaa masaa sita akitikiswa.

Kama kampuni ndiyo inalipa, panda ndege, baba. Lakini ukipiga telefone, uambie nyumba saa ya kufika Karavia, si saa ya kuruka. Na mama, ungojee kwanza akuambie ameshika mizigo yake Luano. Hapo ndipo utie maji kwa moto.