Stesheni ni ya Nani?

Wako watakaocheka tukianza habari za Kasulu na Kibondo kwa kutaja treni zipitazo chini ya ardhi. Wacheke, lakini watusikilize hadi mwisho.

Mwaka 1863 mji wa London ulifungua reli ya kwanza duniani ya namna hiyo, kwa sababu barabara za juu zilikuwa zimesongwa na magari ya farasi. Bara letu lilipata ya kwanza mjini Cairo, mwaka 1987. Katika miji hiyo mfanyakazi hutoka nyumbani, huteremka ngazi za stesheni iliyo mtaani mwake, na baada ya dakika chache treni humchukua kwenda kazini. Kutoboa ardhi kuna gharama kubwa mno. Hata hivyo gharama hiyo ilikubaliwa, ili stesheni ifike walipo watu. Hilo ndilo fundisho tulitakalo, wala si shimo lenyewe.

Sasa tutazame kwetu. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ikipita Uvinza, kusini mwa vilima vya Buha. Katika zama za ukoloni vijana wa Kasulu na Kibondo waliifuata reli hiyo, wakaandikishwa kuwa manamba, wakapelekwa kukata mkonge katika mashamba ya mbali. Kwao stesheni ilikuwa mlango wa kutokea tu. Ilichukua nguvu za watu. Haikuwaletea maendeleo vijijini mwao.

Leo Tanzania na Burundi zimekubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, penye madini ya nikeli. Twaipongeza kazi hiyo kwa moyo mmoja. Walakini, reli iliyopangwa kwa kufikiria madini peke yake ni rahisi kuwapita watu kando. Nikeli haichoki kungoja. Mama mwenye gunia la maharage huchoka, na mgonjwa aendaye hospitali ya mbali huchoka zaidi.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, stesheni ziwekwe karibu na vijiji na njia kuu. Pili, yawepo mabasi ya kuunganisha Kasulu na Kibondo na stesheni hizo, yaendayo kwa saa za treni. Tatu, pawepo maghala ya mazao na mabanda ya abiria, ili mkulima asinyeshewe pamoja na mahindi yake.

Ndugu wanachama, msingoje siku ya kukata utepe. Ulizeni sasa katika mikutano ya matawi: stesheni itakaa wapi, na nani ataifikia? Zege likishamwagwa, stesheni haihamishwi kwa risala.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Reli hii ni mgeni wetu. Safari hii mwenyeji asisahauliwe.